Anza na kukunga khanga: mwongozo wa kushona kwa anayeanza leo

Wanaokuja barazani kwangu kujifunza kushona karibu wote huja na picha kwenye simu. Mara nyingi ni gauni la kitenge: mikono mipana, kiuno kimebana, zipu ya mgongoni isiyoonekana. "Mama, nataka nianze na hili." Nawaambia waitunze picha hiyo, ni nzuri, ila kesho waje na doti ya khanga ambayo haijakungwa, yaani kingo zake hazijakunjwa na kushonwa. Hapa Tanga ni nadra nyumba kukosa khanga iliyokaa sandukuni ikisubiri kupelekwa kwa fundi.

Na wewe nakushauri uanzie hapo. Nafundisha Ngamiani, alasiri, nikishamaliza kazi za wateja. Nafundisha wanawake na wanaume, na msimamo wangu ni mmoja: anayeanza ashone kwanza vitu vya pembe nne. Khanga, foronya, mfuko wa sokoni, sketi ya lasitiki. Humo ndani mna karibu kila kitu anachofanya fundi kutwa nzima: kupima, kukata mstari ulionyooka, kukunja, kupiga pasi, kugeuza pembe, kufunga ncha za mshono zisifumuke. Na kila kimoja kikiisha kinatumika nyumbani siku hiyohiyo. Mtu aliyemwona mwanawe amelalia foronya aliyoishona yeye mwenyewe haachi kushona.

Vifaa

Nunua mkasi mmoja mzuri wa nguo na usikubali mtu aukatie karatasi, hata kidogo. Karatasi huua makali, na mkasi butu hutafuna kitambaa badala ya kukikata. Pamoja nao chukua futi kamba yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, chaki ya fundi, pini, sindano za mkono za saizi mbili tatu, na wembe mpya wa kufumulia. Uzi usinunue kwa macho tu. Vuta kipande, ukate kwa mikono: ukikatika bila hata kukaza vidole, umekaa dukani muda mrefu, urudishe.

Kifaa ambacho wengi hawakihesabu ni pasi. Mimi naiweka sawa na cherehani. Upindo (ukingo uliokunjwa) uliopigwa pasi kabla ya kushonwa unakaa mahali pake wenyewe na cherehani inapita tu juu yake. Usiopigwa pasi utapambana nao kwa vidole hadi mwisho, na bado utaonekana umepinda. Pasi ya umeme, pasi ya mkaa, yoyote uliyonayo; mradi iwe pembeni yako muda wote unaposhona, isiwe kitu cha kusubiri hadi nguo imalizike.

Cherehani usikimbilie kununua. Azima kwa ndugu, au ongea na fundi wa mtaani kwako. Mafundi wengi hawamkatai mtu anayekuja kwa adabu na kujitolea kushona vifungo, kukata nyuzi zilizobaki na kupiga pasi. Utakapokuwa tayari kununua, hizi za miguu zilizotumika, kama Butterfly au Singer za chuma, zinamfaa sana anayeanza: hazihitaji umeme, mwendo wake unauongoza wewe, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Ukienda kuiangalia, nenda na uzi wako na kipande cha kitambaa chako. Zungusha gurudumu kwa mkono taratibu usikilize. Mzunguko uwe laini. Ukisikia inakwama mahali palepale kila duru, iache. Kisha shona ukiwa umekaa mwenyewe, asishone muuzaji.

Mguu kwanza, uzi baadaye

Anza bila uzi. Chomoa uzi wa juu, toa na bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), weka karatasi ya daftari yenye mistari chini ya kile kichuma kinachokandamiza nguo (mimi nakiita kiguu), kisha shona mistari ile. Sindano itatoboa matundu na utaona mwenyewe wapi umeyumba.

Kwenye cherehani ya miguu weka miguu yote miwili juu ya kanyagio, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Ncha za vidole zikishuka, visigino vinapanda. Gurudumu ulianzishe kwa mkono wa kulia, kulielekeza kwako, halafu miguu iupokee mwendo. Wanaoanza hupata shida hapa tu: mguu unasita, gurudumu linarudi nyuma, na kukiwa na uzi unakatika au unasokotana chini. Ndiyo maana nakutaka uanze bila uzi. Baada ya karatasi kadhaa mguu hujua wenyewe. Kisha chora maboksi kwa rula na ushone kuyafuata. Ukifika kwenye pembe, simama sindano ikiwa *imezama* kwenye karatasi, inua kiguu, geuza karatasi, shusha kiguu, endelea. Kila pembe utakayoshona maishani, ya mfuko wa sokoni, ya kola, ya mfuko wa shati, ni hiyo.

Sasa weka uzi. Sindano ya cherehani ina upande bapa kwenye shina lake, na upande wa pili kuna mfereji mwembamba unaoteremka hadi kwenye tundu. Pitisha ukucha utausikia. Uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji na kutokea upande wa pili. Ukiijua kanuni hiyo, hata ukikuta cherehani usiyoifahamu utajua sindano ikaeje. Kwa khanga na kitenge tumia sindano namba 14, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia 90. Kwa vitambaa vyepesi chukua 11, kwa kitambaa cha jinzi 16.

Unapotunga uzi wa juu, kiguu kiwe kimeinuliwa. Kikiwa chini, zile sahani mbili zinazobana uzi zinakuwa zimefumba, na uzi unapita juu yake badala ya katikati. Matokeo yake ni vitanzi vingi chini ya nguo, na anayeanza huanza kuhangaika na bobini ilhali kosa liko juu. Kwa hiyo ukiona vitanzi upande wa chini, inua kiguu, chomoa uzi wote wa juu, tunga upya. Mara nyingi tatizo linaishia hapo. Mishono ikiruka, angalia sindano: imepinda, imechoka, au imewekwa kinyume. Kitambaa kikijikusanya, uzi umekazwa mno. Legeza skrubu inayokaza uzi wa juu kidogo kidogo huku ukijaribu kwenye kipande cha pembeni.

Mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia hukauka na kugeuka gundi ndani ya chuma.

Khanga

Doti ya khanga huja ikiwa kipande kimoja chenye khanga mbili zilizofuatana. Itandaze juu ya meza au mkeka. Pande ndefu, juu na chini, ni kingo za kiwandani, hazifumuki. Pande fupi ndizo zilizokatwa, na ndizo unazozikunga. Tafuta mahali khanga mbili zinapokutana: pindo (mpaka uliochapwa kuzunguka khanga) ya kwanza inaishia, ya pili inaanza, na kati yake mna nafasi nyembamba. Kata katikati ya nafasi hiyo. Kuna watu huchana kwa mikono kwa sababu pamba inachanika ikafuata uzi, lakini kuna khanga ambazo uchapaji wake haukukaa sawa na nyuzi, na ukichana utaona upande mmoja pindo ni pana na mwingine nyembamba. Fuata kilichochapwa. Jicho la mtu litaona pindo, halitaona nyuzi.

Usiifue kwanza. Hii ndiyo kazi pekee katika mwongozo huu ninayokuambia ushone kitambaa kikiwa na dondo lake, ule ugumu wa wanga kinachotoka nao kiwandani. Dondo linaifanya khanga mpya iwe kavu na tiifu, ukikunja inakaa.

Kunja ukingo uliokatwa nusu sentimita kuelekea upande wa ndani, piga pasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kunja tena nusu sentimita, piga pasi tena. Ncha iliyokatwa sasa imefichwa ndani ya mikunjo miwili. Choma pini kila baada ya kiganja kimoja, zilale kukatisha upindo, vichwa vikitazama nje ili uvichomoe kwa urahisi sindano inapokaribia. Usishone juu ya pini.

Uzi uchague kwa rangi ya pindo, usiangalie rangi ya mji (sehemu ya katikati ya khanga), kwa kuwa mshono wako utapita kwenye pindo. Bobini nayo iwe na rangi hiyohiyo. Urefu wa mshono uwe milimita mbili na nusu hivi, na kama cherehani yako haina namba, linganisha na mshono wa shati la dukani.

Pale mwanzo, kwenye ukingo wa kiwandani, kitambaa ni kinene kwa sababu mikunjo imelaliana. Anza kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Shika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma ili zisimezwe. Nenda mbele mishono mitatu minne, rudi nyuma mitatu minne, kisha endelea mbele moja kwa moja. Hiyo ndiyo kufunga mshono.

Sasa macho. Usiitazame sindano, inapanda na kushuka na itakuchanganya. Tazama ukingo wa kiguu na mkunjo wa ndani wa upindo. Chagua umbali, tuseme milimita mbili kutoka kwenye mkunjo, na kazi yako yote ni kuulinda umbali huo. Mkono wa kushoto unaongoza, wa kulia unanyoosha kitambaa mbele ya kiguu. Usikivute kwa nyuma. Cherehani ina meno yake chini yanayosogeza nguo. Ukivuta unapinda sindano.

Doti moja ina pande nne za kukunga, kila mmoja zaidi ya mita. Maliza zote nne, kisha weka wa kwanza na wa nne pamoja. Msichana jirani yangu alipofanya hivyo alinyamaza akiziangalia, halafu akaomba wembe, akaufumua ule wa kwanza wote na kuushona upya bila mimi kumwambia. Nilifurahi sana siku ile. Upindo uliopinda hufumuliwa, haushonewi mwingine juu yake. Kufumua nako ni ufundi: kata mshono mmoja kila baada ya mitano upande mmoja, geuza nguo, vuta uzi wa upande wa pili utoke mzima.

Foronya bila vifungo wala zipu

Shuka la mitumba ni darasa la bei nafuu. Limeshafuliwa mara nyingi, halitarudi tena (halitapungua), na shuka moja kubwa hutoa foronya kadhaa.

Kwa mto wa sentimita 50 kwa 75, kata kipande kimoja chenye upana wa sentimita 53 na urefu wa 172. Hesabu yake ni hii: 75 mbele, 75 nyuma, 18 za kifuniko cha ndani kinachozuia mto usitoke, na 4 za kukunga pande mbili fupi. Upana umeongezewa sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono. Mto wako ukiwa na kipimo kingine, badilisha namba, hesabu ni ileile.

Kunga pande fupi, sentimita moja na moja nyingine. Tandaza kitambaa uso wake ukitazama juu. Pima sentimita 18 kutoka upande mmoja mfupi na uweke alama ya chaki. Chukua upande mwingine mfupi, uukunje uje ulale hadi kwenye alama hiyo. Halafu zile sentimita 18 zilizobaki zikunje zije juu yake. Mpangilio huu ni muhimu: kifuniko kije mwisho, juu kabisa. Choma pini, shona pande mbili ndefu kwa sentimita moja na nusu, ukifunga mshono mwanzo na mwisho. Geuza. Kifuniko kitakuwa kimeingia ndani chenyewe. Sukuma pembe kwa ncha ya penseli butu, piga pasi.

Mfuko wa sokoni

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania kufuata tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa kitambaa una kazi kila siku. Vipande viwili vya sentimita 42 kwa 45, mishono mitatu, upindo mpana wa juu. Mikono ya mfuko kata mikanda miwili ya sentimita 10 kwa 60. Ikunje mara nne kwa urefu ibaki sentimita mbili na nusu, shona kingo zote mbili. Unapoishikiza kwenye mfuko shona boksi, kisha katisha boksi hilo kwa mishono miwili ya mshazari inayopishana katikati. Vitunguu na viazi vina uzito, na mshono mmoja ulionyooka haubebi.

Mabaki yoyote ya kitenge yaweke kwenye kikapu. Hayo ndiyo vishikio vya sufuria, vibegi vya sarafu, vifuniko vya vifungo na mapambo ya foronya zijazo. Ukitaka kujaribu kudarizi, jaribu kwenye mabaki hayo.

Kitambaa cha nguo

Kabla ya sketi, lijue kitambaa. Wauzaji hupima kwa yadi, na yadi moja ni inchi 36, yaani sentimita 91 na kidogo. Mafundi nao husema kwa inchi, kwa hiyo jizoeze na inchi mapema.

Muuzaji akikuambia ni pamba tupu na una shaka, nyofoa nyuzi chache ukingoni na uziwashe ukiwa nje, mbali na kitambaa. Pamba huungua kama karatasi, ikanuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha tone gumu. Zote mbili zinashoneka, ila pamba inatii pasi na inafaa joto letu la pwani, ndiyo maana nampa anayeanza pamba.

Kitambaa cha nguo, tofauti na khanga ya kukunga, kifue kwanza. Kiloweke, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukate. Pamba mpya hurudi ikifuliwa, na sketi iliyokutosha Jumamosi inaweza kukubana baada ya kufuliwa.

Kisha kivute kwa mikono pande tatu. Kwa urefu, sambamba na ukingo wa kiwandani, hakinyumbuki. Kwa upana kinanyumbuka kidogo. Kwa mshazari kinavutika sana. Nguo ikate kwa kufuata urefu, kwa sababu ukiipindisha ili kubana kitambaa, itaning'inia upande baada ya kufuliwa.

Sketi ya lasitiki

Pima nyonga mahali palipo pana zaidi, kiuno, na urefu unaotaka. Andika kwenye daftari pamoja na jina na tarehe, usitegemee kichwa.

Tuchukue mtu mwenye nyonga inchi 40, kiuno inchi 32, anayetaka sketi ya inchi 30. Zidisha nyonga kwa moja na nusu upate 60. Gawa vipande viwili vya 30, ongeza nusu inchi kila upande kwa mshono, kila kipande kina upana wa inchi 31. Urefu: 30, ongeza inchi 1 na robo tatu za kiunoni, ongeza 2 za upindo wa chini. Kitenge cha yadi mbili kinatosha. Kabla ya kukata vipande hivyo viwili hakikisha picha zimeelekea upande mmoja, ndege wasije wakasimama mbele na kupinduka nyuma. Kama huna uhakika, kata kwanza kwenye magazeti yaliyogundishwa na uyashike mwilini.

Huna ovaloki, cherehani ya kufunga kingo zisifumuke? Shona ubavuni hivi. Weka vipande viwili migongo ikitazamana, nyuso nje, shona robo inchi. Punguza nyuzi zilizochomoza, geuza ili nyuso zitazamane, piga pasi, shona tena robo inchi. Ncha zote zilizokatwa zimefungiwa ndani ya mshono na sketi haitafumuka hata ikifuliwa miaka. Hizo robo mbili ndizo ile nusu inchi uliyoongeza.

Kiunoni kunja nusu inchi, piga pasi, kunja tena inchi moja na robo, piga pasi, shona karibu na mkunjo wa chini, ukiacha mwanya wa inchi mbili. Lasitiki ya upana wa inchi moja ikate inchi 31: kiuno kasoro mbili, jumlisha moja ya kuunganishia. Funga pini ya nepi kwenye ncha moja, ipitishe kwenye mfereji, na ncha ya pili ichomee pini kwenye sketi isije ikamezwa. Zikikutana, zilaze inchi moja juu ya nyingine na uzishikize kwa pini hiyo, usizishone bado.

Vaa. Kaa kwenye kiti, inama, panda ngazi, tembea mpaka jikoni na kurudi. Ikibana, legeza lasitiki, ikishuka, ivute. Wakati umeivaa, na viatu utakavyoivalia, mwombe mtu akuwekee alama za chaki kwa chini akipima kutoka sakafuni kuzunguka pande zote, maana makalio huinua sketi nyuma na upindo uliopimwa mezani hautakaa sawa mwilini. Kisha shona lasitiki kwa boksi lile la mfuko, funga mwanya, kunga upindo wa chini kwa nusu inchi na inchi moja na nusu.